Msiba wa Kijito cha Lukwembe

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu, vikamawingu vya Uluguru vilianza kazi. Nyavu nyembamba, ndefu kuliko uwanja wa mpira, zilijikunjua mgongoni mwa mlima safu juu ya safu, na ukungu uliotoka upande wa bahari ulipozigusa tu, habari yake ilikwisha. Umeme mdogo uliopita kwenye nyuzi uliuvuta, ukaukusanya, ukaugeuza matone. Matone yaliingia mabombani na mabomba yakateremka hadi Morogoro, mji uliokuwa umekwisha kupandisha maghorofa mpaka Mindu na bado ukitaka nafasi. Mtu akifungua bomba pale Kihonda, alikuwa anakunywa wingu. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kutazama na wakaondoka wakitikisa vichwa. Kukama wingu kama mtu anavyokama ng'ombe! Nani angewaza?

Aliyewaza alikuwa Mhandisi Skolastika Banzi, mzaliwa wa Lukwembe, kijiji kilichoko juu kabisa ya mlima huohuo. Skola hakuwa mtu wa kujishusha bila sababu. Ukimsifu alikubali palepale, akasema, "Ni kweli, nilifanya kazi nzuri," kisha akakueleza kazi yenyewe mpaka ukaelewa, utake usitake. Alikuwa na hotuba yake moja ambayo mji mzima uliijua, na watoto wa shule waliiigiza: "Ndugu zangu, ukungu huu unapita bure. Haunyeshi, haujazi mto, haumnyweshi mtu. Sisi tumeuambia tu, simama kidogo utusaidie."

Sasa ilikuwa imebaki safu moja ya mwisho, na safu hiyo ilipaswa kupita katika msitu wa ukoo wake. Ndio msitu pekee wa Lukwembe ambao nyavu zilikuwa hazijaugusa, kwa kuwa wazee wamezikwa humo, na mama yake Skola pia. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mjomba Damasi, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa msimamizi wa msitu, lakini neno la mwisho lilikuwa la binti wa nyumba hiyo, na binti mwenyewe ni Skola. Kampuni ya Majianga iliheshimu mila, au tuseme iliogopa aibu. Buibui wa chuma, yale maroboti ya miguu minane yanayosuka nyavu, walifundishwa wasikanyage humo mpaka waisikie sauti yake ikitamka neno moja: "Sukeni." Amri zao nyingine zote za kazi nazo walizipokea kwa sauti hiyohiyo.

Mjomba Damasi alikuwa amemwambia mapema, wakiwa wawili tu, "Mwanangu, kijito kimekauka. Nyumba nyingi zimehama. Ukiwaingiza wadudu wako humu ndani, mimi sijui tutabaki na nini."

"Mjomba, ni ukame," Skola alimjibu. "Nimemuuliza Mizani mara nyingi. Safu hii ikikamilika, na ninyi nitawaletea bomba mpaka mlangoni."

Mizani ilikuwa akili mnemba iliyogawa maji ya mji wote. Ilizungumza na Skola kupitia kipuli alichovaa sikioni, kwa sauti ya upole isiyopanda wala kushuka, na ilikuwa haijawahi kumdanganya.

Basi siku ya safu ya mwisho ikafika. Turubai lilifungwa ukingoni mwa msitu, wageni wakakaa, kamera zikaning'inia hewani. Mkurugenzi Lwila wa Majianga, mwanamume mwenye haraka ya kudumu, alimnong'oneza Skola, "Sema neno lako, Mhandisi, watu wana safari." Buibui wa chuma walikuwa wamejipanga, miguu imekunjwa, wakisubiri. Skola akasogea mbele na kukohoa kidogo kusafisha koo.

Ndipo vilio vikasikika kutoka njia ya kijijini.

Watu wa Lukwembe walikuwa wanakuja wamebeba machela, na juu yake kuna kitu kimefunikwa sanda nyeupe. Mbele yao, kanga imefungwa kiunoni na vumbi kichwani, alikuwa Kibibi Mloka, mama wa miraba minne aliyeendesha gari linaloning'inia kwenye waya na kupanda mlimani. Skola alimkimbilia.

"Nani? Nani amefariki?"

Kibibi alimpita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Mkurugenzi, akajibwaga chini na kujigaragaza. "Uwiii! Amekufa Kijito! Kijana wa watu, mpole, hajawahi kuiba hata kuku! Jana alikuwa anaimba, leo amenyamaza!"

Sanda ilipofunuliwa, ndani mlikuwa na mawe. Mawe ya mviringo, laini, ya kitanda cha kijito.

Skola alishusha pumzi, na wenyeji wakaanza kucheka chini chini huku wakiendelea kulia. Kibibi alikuwa mtani wa ukoo wao. Mtani akija msibani hana adabu na hadaiwi adabu. Atalala njiani jeneza lisipite, atavaa nguo za marehemu, atamwigiza alivyokuwa akitembea, atasema mbele za watu yale ambayo ndugu wanayameza, na atakayenuna ndiye mwenye makosa.

"Walinzi, mwondoeni huyu," Mkurugenzi alisema.

"Usithubutu," Skola alimwambia. "Huyu ni mtani. Ukimgusa, faini yake nitailipa mimi, na huyu hatozi kidogo."

Kibibi alikuwa amekwisha kuinuka. Alimvua Mkurugenzi kofia ngumu, akajivika, akaweka mkono mmoja kiunoni na kunyoosha kidevu. Alikuwa Skola mtupu, watu walianguka kwa kicheko.

"Ndugu zangu!" akahutubia. "Kijito hiki kilikuwa kinapita bure! Kinapita mchana, kinapita usiku, hakina hata adabu ya kuomba ruhusa! Sisi tumekiambia tu, simama kidogo. Nacho kimesimama, jamani. Kimesimama moja kwa moja!"

Skola naye alicheka, alikuwa anapenda utani. Lakini katikati ya kicheko aliyasikia yale maneno, maneno yake mwenyewe, yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, na hayakumpendeza hata kidogo.

"Sasa," Kibibi akasema, akimnyooshea kidole, "maiti haendi kaburini hajaoshwa. Wewe ndiye binti wa nyumba. Kalete maji. Na usiniletee ya bomba, mtani! Maiti huyu ataoshwa kwa maji ya kwao."

Mkurugenzi aliangalia saa. Mjomba Damasi alimpa mpwa wake beseni. Skola angeweza kukataa mbele ya kamera zote zile, lakini mila haikumpa mlango wa kutokea, na kusema kweli hakuutaka. Alilichukua.

Alikwenda kwanza kwenye jicho la chemchemi, pale alipokuwa akiteka maji na mama yake. Alikumbuka baridi yake, jinsi ilivyouma vidole. Alikuta tope lililopasuka vipande. Kote upande wa juu, nyuma ya safu za nyavu, miti ilikuwa imesimama mikavu, na ile kuvu ya kijani iliyokuwa ikivaa mashina imegeuka unga wa kahawia. Kwa miaka aliiona miti hiyo katika picha za kutoka juu, rangi tu kwenye kioo. Hakuwa amekanyaga hapo. Aliona haya, akaharakisha kuingia msitu wa ukoo, labda atapata dimbwi mahali.

Ndani kulikuwa na giza la kijani. Ukungu ulikuwa unapita juu, kimya. Alipofika karibu na kaburi la mama yake, tone likamdondokea shingoni. Likafuata jingine begani. Akatazama juu: hakuna mvua. Akasikiliza, na msitu mzima ulikuwa unadondoka. Majani yalikuwa yanaushika ukungu, kuvu inaunyonya, matawi yanauteremsha ardhini tone kwa tone, na chini ya nyayo zake udongo ulikuwa mzito kwa maji. Aliliweka beseni chini na kungoja. Beseni likaanza kuimba.

Kisha akalibeba hadi uwanda wa nje ya msitu na kulitega hewani, katika ukungu uleule. Hakuna lililodondoka. Ukungu ulilipita beseni na kwenda zake.

"Mizani," akasema. "Vipimamvua vyetu viko wapi?"

"Vyote viko mahali pa wazi, mbali na miti, kama kanuni ya vipimo inavyotaka."

"Hakuna hata kimoja chini ya miti?"

"Hakuna. Kanuni inakataza, na kanuni hiyo uliithibitisha wewe."

"Kwa hiyo maji yanayodondoka chini ya miti, kwako wewe..."

"Kwangu hayapo," Mizani ikajibu kwa upole uleule.

Loo! Skola alikaa chini kwenye nyasi. Hakuwa amegundua maji mapya. Alikuwa ameyachukua maji ya mtu mwingine kabla hayajafika kwake, na miaka yote hiyo alisimama jukwaani akiyaita ya bure. Msitu ulikuwa unakama wingu kabla yeye hajazaliwa, na kijito ndicho kilikuwa kibuyu chake. Alilia pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akafuta uso kwa mkono wa koti na kurudi msituni kungojea beseni lishike maji.

Aliporudi nalo, maji yakifika nusu, kelele zilikatika. Kibibi alichungulia ndani ya beseni na utani ukamtoka usoni.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwa mama," Skola akasema.

Waliyaosha mawe wawili, polepole. Alipomaliza, Skola alisimama mbele ya buibui wa chuma, na Mkurugenzi akapumua kwa faraja.

"Fumueni," akasema Skola, akinyoosha kidole juu, kwenye miti mikavu.

Buibui wa chuma walinyoosha miguu. Hawakuingia msituni. Waligeuka na kuupanda mgongo wa mlima, wakaanza kuzifumua nyavu zote zilizokuwa mbele ya miti, uzi baada ya uzi.

"Umerukwa na akili?" Mkurugenzi alifoka. "Mji utakunywa nini?"

"Utakunywa kidogo. Nyavu za upande wa vipara, kusiko na miti, zitabaki. Mabomba yanayovuja mjini tutayaziba, maana yanamwaga zaidi ya tunachokama hapa, na wewe unajua. Tutapanda miti, na siku itakapoweza kukama yenyewe, tutateka kwenye mto kama watu wengine." Kisha akageukia kamera. "Ndugu zangu, nilikosea. Ukungu ulikuwa haupiti bure."

"Hii kazi huna tena," Mkurugenzi akamwambia.

"Najua. Ila sauti mmeiweka yangu, na kuibadilisha kutawachukua muda. Wao watakuwa wamemaliza."

Watu wa Lukwembe waliinua machela kwenda kuzika, lakini Mjomba Damasi akawazuia. "Mwekeni chini ya miti," akasema. "Msimzike bado."

Baada ya hapo Skola aliishi Kihonda kama kila mtu, kwa mgao. Alipanga foleni na ndoo yake penye gari la maji, na watu walimjua. "Ndiye huyu aliyetufungia maji," alisema mama mmoja nyuma yake, si kwa kunong'ona.

"Ndimi," Skola akageuka. "Na ukipenda nitakueleza kwa nini." Akamweleza, mpaka foleni nzima ikasikiliza, wengine wakiguna, wengine wakibisha. Alieleza wiki kwa wiki. Mvua za masika zilipita, kiangazi kikapita, na kutoka mlimani haikuja habari yoyote.

Hata ikawa siku moja, akiwa katika foleni ileile, simu ikaita.

"Mtani," alisema Kibibi. "Una faini yangu."

"Ya nini tena?"

"Ya kuniliza bure mbele za watu. Maiti wako amekohoa."

Skola aliibana simu sikioni. Kwa mbali, nyuma ya sauti ya Kibibi, alimsikia Mjomba Damasi akiwafokea watoto wasikanyage, wasikanyage hapo, na chini ya sauti hiyo mlio mwembamba, wa maji yanayotafuta njia katikati ya mawe. Ndoo ikamponyoka. Alilia kwa sauti, hapohapo, kama aliyepewa taarifa ya kifo.

Yule mama wa nyuma yake akamshika bega. "Pole, mwanangu. Umefiwa?"

"Hapana, mama," Skola akasema, akiiokota ndoo yake. "Tumeghairi kuzika."