Shemeji Alinibadilishia Mashine ya Maji

Nina miaka hamsini na mbili, ninaishi Kitaji hapa Musoma. Wanaonionaga nikicheka sokoni hawajui kwamba niliwahi kuwa na shamba la nyanya kando ya ziwa, zuri mpaka wapita njia walikuwa wanasimama. Sina tena shamba hilo. Nisomeni wenzangu, kisha mniambie, ningejuaje?

Mume wangu, Masatu, alifariki nikiwa na miaka thelathini na mmoja na watoto wanne mikononi. Wazee wa ukoo wake walikaa, wakaamua nisirudishwe kwetu. Niendelee kulima shamba la ziwani, ila kwa sharti: likikauka, ukoo unalichukua. Nikacheka kimoyomoyo. Likauke vipi na mashine ya maji ninayo?

Mashine ile Masatu aliipata miaka ya shida, wakati hata sabuni tulikuwa tunaipanga foleni. Chuma kitupu! Wanaume wawili waliinyanyua huku wakiguna. Ubavuni Masatu aliichonga kwa patasi alama ile ile wanayokata masikioni mwa ng'ombe wa ukoo: mikato miwili imesimama, mmoja umelala. Watu walimcheka. Yeye alikuwaga anawajibu kwamba chochote kinacholisha watoto wake ni ng'ombe.

Ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka ya Musoma yaliyokuwa matupu yakafurika vitu. Shemeji yangu Bwire, mdogo wake Masatu, akaanza kuniimbia wimbo mmoja kila siku: mashine imechoka, mjini zipo mpya za jina lile lile, tena mwenye duka anapokea kuukuu yako anakupa mpya. Ni kweli, yetu ilikuwa inakohoa kidogo asubuhi. Lakini mpya! Ndani ya boksi! Sisi tuliokaa miaka bila kuona boksi ambalo halijafunguliwa, nani angekataa? Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Akaenda na ile, akarudi na hii. Rangi nyekundu ile ile, jina lile lile kwa herufi kubwa. Nikaibeba peke yangu kutoka barabarani mpaka ziwani! Hapo ndipo ningeshtuka... Badala yake nikamshukuru Mungu kwamba waliotengeneza wametuonea huruma wanawake.

Siku zile zile Bwire aliezeka nyumba yake mabati mapya. Alisema ni baraka ya samaki. Nilimpa hongera, wenzangu, na maandazi nilimkaangia!

Hata kiangazi kile hakijaisha, ikaanza kuharibika. Kwanza kamba ya kuwashia ikakatika, kisha maji yakapungua nguvu, mwishowe ubavu ukapasuka. Kumbe ni plastiki iliyopakwa rangi ikafanana na chuma. Nikaanza kumshuku kila mtu. Nilisema muuza petroli ananichanganyia mafuta ya taa. Nilisema fundi ameiba vyuma vya ndani. Jirani alipoingia shambani kunipa pole, nilimsindikiza nikiangalia mikono yake. Nilimshuku hata aliyenisalimia kwa upole! Bwire tu sikumshuku, maana ndiye aliyekuwa ananiletea dagaa na kunifuta machozi.

Tulibeba maji kwa ndoo, mimi na watoto, mpaka mabega yakachubuka. Nyanya zikajikunja, zikafa. Wazee wakaja, wakatazama, wakasikitika. Shamba akapewa Bwire.

Baadaye nilikwenda msibani upande wa Bunda. Tulipokuwa tunatoka makaburini nikasikia mashine inanguruma mtoni, na inakohoa... Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikainama, nikaiona: mikato miwili imesimama, mmoja umelala. Nililia pale kuliko nilivyolia msibani. Mwenyewe, mzee mpole, akaniambia ameinunua duka fulani Musoma.

Nikamfuata mwenye duka. Nilikwenda na hasira, lakini yeye wala hakuficha.

"Mama, jina ni lile lile, walichobadilisha ni mashine," alisema. "Siku hizi zinaletwa nzito na nyepesi, zote chapa moja. Shemeji yako nilimwonyesha nzito. Akasema, nipe nyepesi, hela inayobaki nipe mabati."

Nipe mabati! Kikulacho ki nguoni mwako...

Nikarudi kwa wazee wa ukoo. Wakatuma watu, mashine ikaletwa, ikawekwa katikati yetu. Mzee wao mkubwa akapitisha kidole kwenye ile alama, polepole, kisha akamgeukia Bwire.

"Ng'ombe akiuzwa tunamkata alama ya kutoka. Huyu hana. Nani alimuuza?"

Siku hiyo hiyo mabati yaliteremshwa, yakapelekwa Bunda kwa yule mzee kama fidia. Mvua ya kwanza ilimkuta Bwire chini ya turubai.

Je, nilifurahi? Kidogo, Mungu anisamehe. Maana shamba lilikuwa limeshakwenda. Bwire alikuwa amemwachia tajiri wa samaki kutoka mjini, na saruji ilikuwa imemwagwa juu ya matuta yangu. Wazee waliniomba radhi, lakini radhi haipasui saruji.

Mashine ninayo hapa uani Kitaji. Watoto wananiambia niiuze kwa wauza vyuma chakavu. Siuzi. Asubuhi nyingine naiwasha tu niisikie ikikohoa, kisha naizima, maana sina cha kumwagilia.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi... msinunue herufi zilizoandikwa ubavuni. Inyanyueni kwanza mashine kwa mikono yenu. Na kile cha zamani kinachowalisha, asikipeleke mtu mwingine dukani kwa niaba yenu, hata kama ni yule anayewafuta machozi.