Presha Isiyouma

Ofisini wote walimwita Mama Faili. Alikuwa karani wa masjala. Ukimwuliza jalada la miaka kumi iliyopita, alikuonyesha lilipo hata akiwa amefumba macho.

Saa za kazi zilipoisha, wenzake walifunga madroo na kuaga. Yeye alibaki. Aende wapi? Mumewe, karani wa ghala, alihamishiwa mji wa mbali, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Nyumbani kulikuwa na viti viwili, kimoja hakina mtu. Basi alikaa mezani pake, akatafuna karanga za chumvi, akisubiri simu ya mumewe.

Siku moja muuguzi alikuja ofisini kuwapima wafanyakazi presha. Mama Faili alicheka.

"Mimi? Hata kichwa hakiniumi. Wapime hao wanaolalamika."

"Presha haipigi hodi, mama. Kaa dakika tano, utulie. Usiongee."

Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo. Akasoma. Akapima tena.

"Mia moja sitini na nne kwa mia moja. Iko juu. Lakini kipimo cha siku moja hakitoshi. Njoo zahanati keshokutwa."

Keshokutwa hali ilikuwa ile ile. Mama Faili akamgeukia muuguzi.

"Nimekosa nini, dada?"

"Hujakosa. Nyumbani kwenu kuna mwenye presha?"

"Baba alipata kiharusi. Upande mmoja ukapooza."

"Basi huenda iko katika ukoo. Na juu ya hayo kuna kukaa kutwa nzima, chumvi, unene na mawazo. Mishipa inaumia kimyakimya. Ukiipuuza presha, inaharibu moyo, figo, hata ubongo."

Daktari akamwandikia vidonge. Muuguzi akasisitiza, "Kila siku, hata ukijisikia mzima. Usiache bila kutuuliza. Punguza chumvi. Na utembee, nusu saa kwa siku."

"Nitembee na nani?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Muuguzi alimshika bega tu.

Jioni alimweleza mumewe kwenye simu.

"Bibie," mume akasema, "mimi nami ninayo. Nilipimwa mwaka jana. Nikanywa vidonge mwezi mmoja, nikajiona mzima, nikaviacha. Sikutaka kukutia wasiwasi."

Mama Faili alilia, akamfokea, akalia tena.

"Unataka urudi kwangu umebebwa? Mimi nakutaka uje kwa miguu yako!"

Kesho yake mume alirudi kwa daktari.

Tangu hapo, kazi ikiisha, Mama Faili hutoka pamoja na wenzake. Huvaa raba zake na kupiga simu, na kule mbali mumewe naye hutoka. Hutembea pamoja, kila mtu katika mji wake.

Baada ya miezi mitatu muuguzi alisoma kipimo, akatabasamu. Mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne.

"Vizuri sana. Vidonge tunaendelea navyo."

Barua ya uhamisho wa kumrudisha mumewe ilikuwa bado haijatoka.

"Umefika wapi?" mume aliuliza jioni hiyo, akihema.

"Darajani. Na wewe?"

"Kwenye kilima cha posta. Nisubiri, nivute pumzi kidogo."

Mama Faili akasimama, akaegemea ukingo wa daraja, akamsubiri.