Nyasi Ndani ya Kengele

Simba alimrukia Seleina katikati ya matete, na Kisio hakusikia chochote mpaka dada yake alipopiga yowe. Mvua ilikuwa ikimwagika, haoni mbele. Alichoma mkuki ovyo, ukakwaruza mbavu, mnyama akaliachia paja na kutokomea. Nyama ilikuwa imechanika hadi mfupa unaonekana.

Kisio alilifunga paja kwa shuka, akakaza mpaka Seleina akamng'ata mkono.

"Kijiji cha Masanze kiko upande gani?" Seleina aliuliza.

"Sijui. Jua limefunikwa."

"Maji, kaka."

Akaikamua ncha ya shuka iliyolowa mvua, akamnywesha.

Laiti angesikia ng'ombe wao wakishtuka! Lakini kengele zote za shingoni mwao alikuwa amezijaza nyasi mwenyewe asubuhi, ili wapite kando ya mahindi ya mzee Mwinshehe bila kusikika, maana mzee yule aliwahi kuwafukuza kwa panga. Ujanja huo sasa ulikuwa unamtokea puani. Simba alikuwa akiwazunguka, na yeye alikuwa kama kiziwi.

Akaanza kuzing'oa nyasi, kengele moja baada ya nyingine, huku akilia kwa hasira. Ng'ombe walijibana, wakitikisa shingo kwa hofu. Kelele ikapanda: kengele nzito, nyembamba, yenye ufa, zote zikigombana na mvua. Kisio akafumba macho. Katika fujo ile hakuweza kuzihesabu. Alisubiri tu sikio lishtuke.

Likashtuka. Ndani ya kelele palikuwa na pengo: mlio wa kengele ya ndama mwekundu umekatika, kushoto. Akajitupa huko na mkuki kabla hajaona kitu. Simba alikuwa amemkaba ndama koo. Mkuki ulizama kwapani. Kucha zikamchana Kisio bega na shavu. Akasukuma, akasukuma, mpaka mpini ukavunjika na mnyama akalegea juu yake.

Matete yalivunjwa. Mzee Mwinshehe akatokea na panga lile lile.

"Shikamoo, mzee," Kisio alisema akiwa chini ya simba.

"Marahaba." Mzee alizitazama nyasi zilizotapakaa, akaelewa kwa nini kengele zilikuwa kimya. "Msimu mzima nalala sikio liko nje, nazivizia kengele zako. Zilivyonyamaza asubuhi nikajua mmehama. Sasa hivi nimezisikia ndani ya mvua yote hii." Akamvuta Kisio kutoka chini ya simba, kisha akainama, akambeba Seleina mgongoni.

Seleina alipona, ila anachechemea. Ng'ombe wa Kisio siku hizi hupita pembezoni mwa mahindi yale kengele zikilia zote. Asubuhi ikikosekana hata moja, mzee Mwinshehe hutoka nje kuuliza.