Karkade ya Mama Namukasa

Kila Jumatatu kabla ya kengele, Nyakim alibandika gazeti la shule ukutani, kando ya lango. Lilikuwa karatasi moja kubwa ya manila iliyoandikwa kwa kalamu nene, na wenzake, wengi wao waliorudi Juba kutoka Kenya baada ya amani, walilisoma wakisukumana. Wiki ile walisukumana kuliko kawaida. Kichwa cha habari kilikuwa cha wino mwekundu: KARKADE YA LANGONI NI MAJI YA MTO.

Wakati wa mapumziko hakuna aliyemkaribia Mama Namukasa, Mganda aliyeuza juisi ya maua ya karkade hapo langoni. Nani angethubutu, na kipindupindu kimeingia mjini? Ndoo yake ilibaki imejaa mpaka wanafunzi wakaanza kurudi madarasani. Ndipo alipomwita Nyakim.

"Mtoto wangu, ulikuja kwangu nikakuambia kila kitu," alisema, kwa upole uliouma kuliko matusi. "Maji inatoka mto, gari ya tanki inaleta. Lakini nilikuonyesha sufuria. Mimi nachemsha. Hiyo mbona hukuandika?"

Nyakim alijua ni kweli. Sufuria aliiona, tena ikitokota. Aliiacha makusudi, maana habari ya maji yaliyochemshwa, jamani, nani angesukumana kuisoma?

"Nitarekebisha, mama," alisema.

Kweli alirekebisha. Alikata kipande cha manila, akaandika KARKADE YA LANGONI HUCHEMSHWA VIZURI, akakibandika kwa gundi juu ya kile kichwa cha kwanza. Kazi safi, huwezi kujua kama paliguswa. Akajipongeza, akaona yamekwisha.

Wapi! Kesho yake ndoo ilijaa vilevile. Majur, rafiki yake wa darasani, alipita pale akiwa amejiziba mdomo kwa kola ya shati.

"Si wewe mwenyewe uliandika ni maji ya mto?" alimuuliza Nyakim. "Gazeti nilishalisoma. Nilisome tena la nini?"

Nyuma ya Majur, Mama Namukasa alikuwa akiimwaga karkade mtaroni. Machozi yalimlenga Nyakim. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Bilha, mlezi wa gazeti, akamweleza yote, hata habari ya sufuria.

"Ulifanya vizuri kumsikiliza alipolalamika," alisema mwalimu. "Lakini hukusahihisha, ulifunika. Waliosoma uongo bado wanao kichwani."

"Nikisema nilikosea watanicheka, Mwalimu."

"Watakucheka, ndiyo. Sasa hivi anayeumia ni Mama Namukasa, na yeye hakukosea chochote."

Nyakim alichukua manila mpya na kalamu ileile nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa zilezile: NILIKOSEA. NILIMWONA MAMA NAMUKASA AKICHEMSHA MAJI, NIKAFICHA. NYAKIM.

Asubuhi iliyofuata aliyasoma maneno hayo mbele ya shule nzima. Walicheka, tena sana. Mapumziko yalipofika alikwenda langoni wa kwanza, akanywa kikombe kizima huku wote wakimtazama. Majur alisitasita, akashusha kola yake, akaomba chake. Baada yake wakaja wengine.

"Kesho kuja na kalamu," Mama Namukasa alimwambia, akimwongezea kidogo kikombeni. "Ukiuliza, mimi nitajibu."

Mwalimu Bilha, aliyekuwa amesimama kwenye foleni kama wengine, alimshika Nyakim bega.

"Umesikia? Bado anakuamini," alisema. "Mtu akikupa habari zake, ziandike zote. Na ukimkosea, kiri palepale ulipomkosea, kwa sauti ileile."

Ndoo ilikwisha kabla ya kengele kulia.