Kionja cha Nambunda

Haki ya Mungu, ninayosimulia hapa ni kweli tupu. Chumvi sijatia hata chembe. Daktari mwenyewe kanikataza.

Mwaka ule roboti walichoronga kisima cha utafiti Nambunda, kusini ya Mtwara, wakafikia mwamba ulionuka gesi. Uchorongaji ukasimama, kikateremshwa Kionja. Hicho ni chuma chembamba kama chatu. Kikifika chini hujivimbisha tumbo kuziba kisima, hufumbua mdomo mwamba uteme kilichomo, kisha hufumba na kupima nguvu inavyorudi. Hufanya hivyo mara mbili, na majibu hutoa kwa sauti.

Mara ya kwanza gesi ilipanda kwa kishindo. Moto ukaruka kwenye bomba la kuchomea gesi mpaka majogoo wa Msumbiji wakawika.

"Ipo!" akaruka mzee mmoja, mlinzi wa geti.

"Ngojeni," kikasema Kionja. "Sijafumba mdomo mara ya pili."

Injinia Somoe akamshika mzee mkono. "Babu, neno hili lisitoke hapa. Hata mfuko mdogo hupiga kelele hivyo."

Lakini mdomo ulikuwa unamwasha. Mzee akapanda pikipiki yake ya kuruka, akazunguka kijiji. "Gesi! Bomba linapita huku! Safisheni mashamba mlipwe!"

Bi Asumini, mjane, akaita roboti mkataji. Mikorosho aliyoachiwa na marehemu, imejaa maua, ikalazwa yote.

Jioni Kionja kikafumba mdomo mara ya pili. Nguvu haikufika pale ilipofika mwanzo.

"Mfuko mdogo," kikasema. "Umeshapungua."

Kisima kikajazwa saruji, roboti wakahama.

Ndivyo nilivyowasimulia wenzangu barazani.

"Na yule mzee?" wakauliza.

"Alihamia Msumbiji kwa aibu."

Kumbe Bi Asumini amesimama nyuma yangu na kapu lake. "Shemeji, Msumbiji umerudi lini?"

Baraza zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mzee mmoja, mzee mmoja… Mtaje jina."

Nikatazama ndara zangu. "Ni mimi."

"Haya. Jembe lipo shambani."

"Shemeji, si kuna roboti wa kuchimba mashimo?"

"Roboti hakupita mlangoni kwangu akipiga kelele. Alikuja nilipomwita, kwa neno lako."

Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Miche ya mikorosho imeshika sasa, inanifika gotini, na kuzaa bado sana. Kila asubuhi nabeba ndoo kumwagilia. Bi Asumini hukaa juu ya kisiki, ananitazama. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, sina la kutia chumvi.