Mbao Mbili Nyuma ya Kitambaa

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule, Wangu alimsaidia baba yake, Haron, katika karakana yao ya useremala huko Kinoo. Jumamosi hiyo walikuwa wakitengeneza stendi mbili za spika za kanisa. Zile za zamani zilitikisika hata mahubiri yakawa mngurumo mtupu.

"Stendi ikicheza, sauti inapotea," Haron alisema. "Hii nimemaliza. Ile nyingine itie mbao mbili za mshazari kwa nyuma, uzikaze kwa skrubu. Mimi napeleka kitanda cha mteja."

Wangu alikaza skrubu moja, mkono ukamwuma. Nje, rafiki yake Ciru alikuwa akimwita wakaruke kamba. Nani angechungulia nyuma? Kina mama wa kanisa hawaachi kitu bila nguo. Meza, redio, hata spika huvishwa kitambaa cha kufuma. Wangu alizisukuma mbao chini ya meza, akaenda zake kucheza.

"Umemaliza?" baba yake aliuliza jioni.

"Nimemaliza, Baba." Usiku huo stendi zikapelekwa kanisani, zikavishwa vitambaa.

Jumapili hiyo Wangu ndiye angesoma Neno. Bibi yake, Cucu Wahu, mwenye masikio mazito, alikuwa ametoka Limuru kuja kumsikiliza. Kabla ya ibada, Wangu alijaribu kipaza sauti. Spika ya kulia ilinguruma, kitambaa kikatetemeka.

"Anasema nini?" Cucu aliuliza, kiganja sikioni.

Mzee wa kanisa, Okinyi, alimgeukia Ajwang, kijana wa mitambo. "Umeharibu spika! Leo hutashika mitambo hii."

"Lakini mzee, sijagusa kitu!"

Ajwang alianza kukunja nyaya zake, macho chini. Wangu aliona aibu kubwa. Akafunua kitambaa.

"Si Ajwang. Ni mimi. Sikutia mbao, na nilimdanganya Baba."

Haron, aliyekuwa karibu, hakumfokea. "Nenda ukazilete, na bisibisi."

Wangu alikimbia hadi karakanani na kurudi akihema. Alikaza kila skrubu mwenyewe huku kiganja kikiwaka moto. Haron aliisukuma stendi kwa nguvu; haikutikisika. Okinyi alimwomba Ajwang radhi.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," Haron alisema. "Kazi mbovu ukiifunika, mwingine ndiye atakayelaumiwa. Imalize hata pale pasipoonekana."

Ibada ilipokwisha, Cucu Wahu alimshika Wangu mkono.

"Leo nimesikia kila neno," alisema akicheka. "Hata yale mawili uliyokosea."