Sentimita Mbili

Siku walipokutana, foleni ya mapokezi ya hospitali ilikuwa imefika nje. Binti mrefu mwenye viatu bapa na gauni la kijani, lililokaribia kugusa sakafu, alisimama mlangoni mwa chumba cha kupimia mifupa akisoma onyo la mionzi.

"Inauma?" akamuuliza kijana mwenye koti jeupe.

"Haiumi. Unalala kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako, mimi naona una mifupa kiasi gani, misuli kiasi gani, mafuta kiasi gani."

"Kwa hiyo utanijua kuliko mama yangu."

"Mama yako ana huruma. Mashine haina."

Alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na kocha wake hakumpeleka mtu mashindanoni bila karatasi ya mifupa. Mpimaji akamlaza, akamwekea sanduku la sifongo chini ya miguu, akapima. Mafuta yalikuwa asilimia kumi tu. Pingili za mgongo zilikuwa nyepesi kama za ajuza. Kocha alipoiona karatasi, akamsimamisha mwaka mzima.

Jioni simu ya mpimaji ikalia. "Bwana Mifupa, umeniulia mwaka wangu."

"Nisamehe. Niruhusu basi nikulishe."

"Unapika?"

"Nakaanga mayai. Wewe hata mafuta ya kukaangia huna."

Alicheka bila kutaka, na hivyo ndivyo yalivyoanza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, muuguzi wa chumba cha pili akamwonya mapema: "Mdogo wangu, ukishampenda usimpime tena. Niachie nimpime mimi."

Kwa miezi saba walipendana sana. Kisha mpimaji akagundua kwamba kila alfajiri mwenzake hutoroka kwenda kukimbia. Alipomkanya, binti alikasirika. "Unataka nikae ndani ninenepe, wengine wasinitazame." Akaacha kupokea simu zake.

Mwaka ulipotimia, akarudi kupimwa. Gauni lilikuwa lile lile la kijani, viatu vile vile bapa. Mpimaji alipomwona, moyo ulimruka, na onyo la muuguzi likapotea.

"Simama hapa ukutani nipime urefu."

"Andika wa mwaka jana, mpenzi. Mimi si mtoto kwamba nimerefuka."

Neno "mpenzi" lilimlewesha. Akaandika ule wa mwaka jana. Alipojilaza, binti alikunja uso kidogo. "Godoro langu baya," akasema. Mashine ilipita kimya, namba zikatokea, na namba za mgongo zilikuwa zimepanda. Mpimaji hakuamini macho yake.

"Umepona. Utakimbia kesho," akasema. "Na nitakuja kwenu kuposa."

"Unaniposa nimevaa gauni la hospitali?"

"Nitakuposa hata umevaa gunia."

Akabadilisha nguo, akaondoka anacheka. Mlangoni akakanyaga pindo la gauni lake, nusura aanguke. Wote wawili wakacheka.

Kesho yake asubuhi, mpimaji aliifungua picha ile ili amtazame tena mpenzi wake, kama wengine wanavyotazama picha za kwenye simu. Ndipo akaona. Pingili ya pili ilikuwa fupi kuliko nyingine, imebonyea. Mfupa uliopondeka hujikusanya mahali padogo, na mashine huuhesabu kuwa imara. Akalikumbuka lile pindo. Gauni halikuwa limerefuka. Mvaaji ndiye aliyefupika, kama sentimita mbili, na ukuta ungemwambia hivyo kama angempima.

Akapiga simu. "Usikimbie. Mgongo wako umevunjika. Nakuja."

"Umeanza tena?" Simu ikakatwa.

Alifika uwanjani anahema, koti jeupe limelowa jasho. Wakimbiaji walikuwa wanaitwa mstarini. Binti alikuwa peke yake kwenye benchi, namba kifuani, amevaa viatu, kamba hazijafungwa. Alikuwa amekaa wima kama aliyeegemezwa, machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

"Nifungie," akasema. "Tangu juzi siwezi kuinama."

Mpimaji akapiga magoti, lakini kamba hakuzigusa. "Niliandika urefu wa uongo kwa sababu uliniita mpenzi. Karatasi ile si kweli. Ukikimbia, pingili inaweza kukuchoma mishipa ya fahamu ya mgongo, usitembee tena. Nitamwambia kocha mwenyewe, na hospitali pia, hata wakinifukuza kazi."

"Na kuposa?"

"Nitaposa. Hata ukinichukia, nitakuja."

Kocha akaita jina lake mara ya pili. Binti akageuka kutazama mstari, pole pole, mwili mzima kwa pamoja, kwa sababu mgongo ulikataa kugeuka peke yake. Wenzake walikuwa wameshainama. Mpimaji alimshika vifundo, akihisi miguu inavyotetemeka kutaka kwenda.

Bastola ikalia. Wakimbiaji wakaondoka, vumbi likawafunika wao wawili kwenye benchi.

"Basi nivue," akasema.

Akamvua kiatu cha kwanza.